Sahani Zilizompita Jaji

Mimi ni mdadisi, sifichi. Jirani yetu hapa Mulekera, Jaji Stanislas, alihukumu Beni na Butembo hadi akawa rais wa mahakama ya juu, kisha akastaafu. Jambo moja juu yake liliniwasha kweli. Kwenye kila harusi na kila matanga, sahani zilimpita. Wagawaji walifika mbele yake, wakainamisha kichwa kwa heshima, wakamhudumia aliyekaa pembeni yake. Yeye alibaki na chupa ya maji aliyotoka nayo nyumbani.

Wengine walisema anaogopa sumu, wengine wakasema ana sukari. Mama yangu, Kaswera, alikuwa na jibu lake.

"Ule alishashiba zamani. Alikula mbuzi ya Syauswa!"

Syauswa ndiye aliyempokonya Mama shamba la kakao kule Oicha, na Stanislas ndiye aliyeikata kesi. Kabla ya hukumu Mama alimpelekea jaji kuku, akarudishiwa mzima mzima. Alipopoteza kesi, Mama aliamini kuku wake alikuta mbuzi wa Syauswa ametangulia. Kanisani yeye na jaji walikaa benchi moja, salamu hakuna.

Jumapili moja uvumilivu ulinishinda, nikamuuliza jaji mwenyewe.

"Papa Juge, juu ya nini hapana kula kwa batu?"

Alicheka kidogo. "Mu kazi yangu, mutu akikupa sahani leo, kesho anauliza dossier ya kesi yake. Donc nilikatala kula fasi yote. Sasa niko retraité, kazi ilishaisha, minangojea mutu aniambie karibu. Mais batu balishazoea kunipita."

Aibu ilinishika kwa niaba ya mji mzima. Nilimwambia Mama. Kesho yake alichinja jogoo, akampika, akampeleka mwenyewe kwa jaji pamoja na bugali. Nikamfuata, nani angenizuia?

"Ile ya kwanza ulirudisha," Mama alimwambia. "Hii ilishaiva, haiwezi kurudia. Lakini sema kweli mbele ya Mungu, mbuzi ya Syauswa ulikula?"

"Hapana, Mama Kaswera. Nilimukatalia, akairudisha kwake na kamba yake, batu banamuangalia."

 Miaka yote hiyo Mama alikuwa amemchukia mtu kwa mbuzi ambaye hakuliwa.

"Na shamba yangu?"

"Shamba ilikuwa ya Syauswa. Hata leo ningekata vile vile."

Nilijua yameharibika. Mkono wa Mama ulienda kwenye sahani, nami nikasogea mlangoni. Lakini hakuiondoa. Alitafuta ndani ya mchuzi mpaka akapata firigisi, akaiweka upande wa jaji. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na tangu Baba afariki Mama hakuwahi kumpa mtu yeyote.

"Kula, Papa," alisema. "Inapoa."

Jaji alinawa, akala huku machozi yakimtoka, na Mama alikaa naye hadi sahani ikaisha.