Vifungo vya Mzee wa Kanisa

Mwoka mikate alikuwa mzee wa kanisa, na alipenda kuwaambia waumini wapya kwamba hajawahi kumsumbua Mungu kwa shida zake. "Mimi kanipa mikono," alisema. "Nimwombe nini tena?" Walimwitikia amina. Yeye mwenyewe aliuita huo unyenyekevu.

Aliishi na mdogo wake nyuma ya kiwanda chao cha mikate. Mdogo huyo alikuwa ameacha pombe miaka mingi, lakini kaka yake hakuacha kumwita Mlevi. Alimwita hivyo mbele ya wafanyakazi na wateja, na Jumapili moja alimsimamisha kanisani ili watu wamwone "huyu niliyemwokota mtaroni." Mlevi alisimama, akatabasamu, akakaa. Tangu hapo aliongea na kaka yake kwa adabu iliyopitiliza.

Mikono ya mwoka mikate iliungua asubuhi moja ya kazi nyingi. Mama anayepaka mafuta vibati vya mikate alikuwa akiteremsha sufuria la mafuta ya moto, polepole, asiyamwage.

"Unatembea kama umebeba mayai," mwoka mikate akamwambia. "Toka, nifanye mwenyewe."

Alilinyakua. Mpini mmoja ukang'oka, mafuta yakammwagikia mikono yote miwili.

Alirudi kutoka hospitali na mafurushi mawili ya bandeji. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba vidole havitakunjika tena. Mkewe alishafariki, watoto hakujaliwa. Alibaki na Mlevi.

"Kaka, una njaa?"

"Si unaona mwenyewe."

"Mimi mlevi, naona mawilimawili. Sema unachotaka."

Mwoka mikate akafunga mdomo. Mlevi akala sahani zote mbili alizopakua, bila haraka, akajifuta midomo, akaenda kazini.

Jioni njaa ilimshinda. "Naomba chakula," akasema.

"Unamwomba nani?"

"Nakuomba wewe, mdogo wangu."

Kijiko kikaja kimefurika, na cha pili kikaja kabla hajameza cha kwanza. Chooni ilikuwa mbaya zaidi, maana yaliyotokea huko Mlevi aliyasimulia kiwandani, na wafanyakazi wakacheka huku wameinamia unga.

Jumapili, Mlevi alimvisha suti yake ya kijivu. Suruali aliifunga mkanda, vifungo vya mbele akaviacha.

Mwoka mikate alikuwa katikati ya kanisa, akielekea kwenye benchi la wazee, aliposikia kicheko cha kwanza upande wa kwaya. Akatazama chini. Akajaribu kuvuta koti kwa mabandeji yake, koti likateleza. Sasa walicheka hata kina mama wa mstari wa mbele. Mlevi alikuwa nyuma mlangoni, mikono mfukoni.

Alitamani ardhi ipasuke. Alitafuta neno la kuwanyamazisha, kama alivyozoea, akalikosa. Kilichomjia ni kitu ambacho hakuwahi kumwambia Mungu.

"Bwana, siwezi."

Akapiga hatua hadi kwa mweka hazina wa kanisa, mtu ambaye hakuwa amesalimiana naye kwa muda mrefu.

"Naomba unifunge suruali."

"Mwite mdogo wako."

"Nakuomba wewe. Mwenyewe siwezi."

Mweka hazina alivifunga vifungo akiwa ameangalia pembeni, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, kisha akafuta vidole kwa leso. Mwoka mikate akamshukuru, akakaa. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola, na hakuna aliyemfuta. Ajabu ni kwamba mabega yake yalikuwa mepesi. Aibu haikupungua hata chembe, lakini chini yake palikuwa na mahali pa kukaa.

Walipofika nyumbani Mlevi akamwekea chai mezani.

"Kaka, leo umenogesha ibada."

"Nimekuita Mlevi miaka yote hii. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Mlevi alikoroga chai. "Umeshazoea kuomba sasa," akasema. "Sikusamehe." Alilisema kwa upole, kama muuza duka anayesema sukari imekwisha.

"Sawa. Kesho nitakuomba tena."

"Omba tu. Utachoka wewe."

Akaiacha chai pale ikifuka moshi, akatoka, akarudishia mlango.

Mwoka mikate alikitazama kikombe. Angeweza kuinama ailambe, ila ilikuwa ya moto. "Baba," akasema, "nina kiu. Niletee mtu." Kisha akasogea dirishani.

Mwanamke alipita na mzigo kichwani. "Dada, naomba msaada kidogo." Hakugeuka. Akapita mwanamume, akamtambua, akacheka hadi akashika kiuno, akaenda zake.

Barabara ikawa tupu. Mwoka mikate akangoja, paji la uso kwenye nondo za dirisha, na aliposikia nyayo nyingine akaita tena, kwa sauti ileile.