Mpima Gesi wa Baba Dogo

Kabla sijakabidhiwa kile kioo cha kupimia gesi nilikuwa nafunga magunia ya chokaa. Ukifanya kazi hiyo, jioni hata mtoto wako anakukimbia. Unarudi mweupe kutoka nywele hadi kope, na viganja vimekwaruzika kiasi kwamba ukimgusa shavu analia. Nekesa wangu alikuwa na miaka miwili. Nikifika nyumbani, mtaa wa Jericho, nilijipaka mafuta kwanza, nikanawa maji, nikajipaka mafuta tena, ndipo jirani yangu Kamene anipe mtoto. Na bado alikuwa akikunja uso.

Basi siku Bwana Muoki, meneja wetu, aliposema mpima gesi amepata kazi Mombasa na anatafutwa mtu anayeweza kusoma namba ndogo ndogo, nilinyosha mkono kabla akili haijaniuliza kitu. Wanaume wote wa kiwandani waligeuka.

"Wewe Mama Nekesa unajua kemia?"

"Naisoma jioni, bwana. Kwa Mwalimu Millicent, pale ukumbini Jericho. Mwakani nafanya mtihani wa kidato cha nne."

Alinitazama, akatazama magunia yangu. "Mwezi mmoja wa majaribio. Ukishindwa, magunia hayaendi popote."

Watu wengi wa Baba Dogo, mtaa kilipo kiwanda chetu, walidhani sisi tunapika simiti. Wala. Sisi tulikuwa tunapika mawe ili tupate gesi. Tanuri letu lilikuwa mnara wa matofali uliofungwa mikanda ya chuma, mrefu kama nyumba ya orofa tatu. Juu kabisa yalimwagwa mawe ya chokaa kutoka Kajiado, yamechanganywa na makaa ya mawe. Moto ulikaa katikati, tumboni. Jiwe likiiva linatoa gesi ya kaboni, ile ile inayokuchoma pua ukinywa soda, na kinachobaki kinatolewa chini kama chokaa. Feni kubwa inaivuta gesi kupitia bomba, inaogeshwa, inasafishwa, inashindiliwa mitungini. Mtu akifungua chupa harusini, ile sauti ya pssss ilizaliwa kwetu, ndani ya jiwe.

Kazi yangu ilikuwa chini, kwenye kibanda chenye meza moja. Kila siku saa nne na robo asubuhi, kabla ya chai, nilivuta hewa ya bomba kwenye mrija wa kioo wenye alama mia moja, nikaipitisha kwenye dawa inayoinywa gesi ya kaboni peke yake. Zikibaki alama sitini na tatu, unajua dawa imekunywa thelathini na saba. Thelathini na saba ni siku njema. Ikishuka chini ya thelathini na tano, mitambo ya kusafisha inahangaika na wenye soda wananuna.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na nane. Nilimwandikia mama yangu kule Kimilili kwamba siku hizi nafanya kazi nimevaa koti jeupe, na weupe wake si wa chokaa. Mama alifurahi akanitumia gunia la viazi vitamu, vile vyekundu ambavyo ukivila lazima ufumbe macho. Nikasema haiwezekani nile peke yangu. Wale wanaume wa tanuri wangeweza kunidharau, lakini walinikaribisha. Kila asubuhi nikawa nawapelekea kiroba. Wao walivichoma, sisi sote tukavila na chai saa nne unusu. Nilidhani wanavichomea kwenye jiko la bawabu, wala sikuuliza.

Na wiki hiyo hiyo gesi ikaanguka. Ishirini na sita.

Nilipima tena. Ishirini na sita. Kesho yake, ishirini na tano. Bwana Muoki alileta dawa mpya. Akapaka bomba lote povu la sabuni akitafuta penye kuvuja, hakuona hata kiputo. Kweyu, aliyekuwa anamwaga mawe juu ya tanuri, mtu wa kwetu magharibi asiyejua kunyamaza, alinipigia kelele kutoka ngazini, akiniita Mathee, yaani mama, kama kawaida yake.

"Sasa Mathee, umeifanyia nini gesi yetu? Imekuona ikakonda!"

"Labda imechoka kusikia sauti yako."

"Mimi nina miaka mitano hapa, ilikuwa imenona tu! Wewe ndio umekuja nayo hii ishirini na sita, uliibeba kwa kiondo!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa na mfupa ndani. Maana ilikuwa kweli. Kabla yangu gesi ilikuwa sawa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mpimaji wa kampuni ya soda angekuja kupima kwa mkono wake, na Bwana Muoki alishaniambia bila hasira: "Siku hiyo ikisoma chini ya thelathini na tano, Mama Nekesa, nitalazimika kutafuta mtu mwingine."

Mwalimu Millicent alikuwa na neno lake moja ambalo tulikuwa tunamwigiza akitoka darasani: "Andika yote. Hata la kipuuzi, andika." Kwa hiyo daftari langu la kazi halikuwa na namba peke yake. Liliandikwa hivi: *Jumatatu. Mawe makubwa. Jua kali. Kweyu amechelewa. Viazi. 26.* Jumanne ya wiki ile ya mwisho Nekesa aliamka na homa, nikakimbia naye zahanati, nikafika kazini nikihema, mikono mitupu. Siku hiyo ilisoma thelathini na saba. Tulishangilia kama timu imefunga bao. Jumatano nikarudi na kiroba changu. Ishirini na sita.

Jioni ile darasani, wenzangu wakinakili ubaoni, mimi nilifungua daftari la kazi chini ya meza nikaanza kushusha kidole. Mawe makubwa, mawe madogo, jua, mvua: hakuna kilichofuatana na namba. Kisha kidole kikafika pale nilipoandika la kipuuzi. Viazi, 26. Viazi, 25. Viazi, 26. Hakuna viazi, mtoto mgonjwa, 37.

"Mama yangu!" nilisema kwa sauti, na darasa zima likageuka.

Alhamisi nilifika kabla ya king'ora. Nilimkuta Mzee Matheka akifungua koti. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuri, Mkamba mpole wa miaka karibu sitini, na ndiye aliyemwambia Bwana Muoki, "Mpe huyu mama nafasi, ana macho."

"Mzee, vile viazi vyangu mnavichomea wapi?"

Alitabasamu kwa fahari. "Twende nikuonyeshe jiko la wafalme."

Tulipanda ngazi hadi karibu na juu, mahali ambapo mawe bado hayajashika moto, yanapashwa tu na gesi inayopanda. Pale palikuwa na dirisha dogo la chuma la kuchungulia, na nyuma yake ukingo wa tofali kama rafu. Matheka alipachika pale lile kopo kubwa la mafuta ya kupikia walilokuwa wanawekea viazi.

"Nusu saa tu, vimeiva kama keki. Moto wenyewe ni wa upole."

"Na mlango wa dirisha?"

"Haufungi sawasawa, kopo ni pana. Tunauegesha tu."

Mlango uliegemea kopo, na pembeni ukabaki mwanya wa vidole vitatu. Nilisogeza leso yangu karibu. Tanuri likaivuta ncha ya leso ndani, fyuu, kama mtu anayenyonya uji wa moto. Ile feni kubwa ilikuwa inavuta hewa ya Baba Dogo nzima kupitia mwanya ule na kuichanganya na gesi yetu.

"Mzee, toa kopo. Funga. Nikapime."

Thelathini na saba. Akarudisha kopo, tukangoja, nikapima mbele yake. Ishirini na sita. Mzee Matheka aliketi juu ya gunia la chokaa kwa koti lake safi.

"Ukutani pameandikwa," alisema polepole. "Dirisha lisifunguliwe bila ruhusa ya meneja. Maandishi yamefifia, lakini mimi ndimi niliyeyaandika." Kisha akaniangalia. "Mwanangu, mimi nimebakiza mwaka mmoja nipumzike. Haya mambo si yanaweza kuisha hapa hapa? Kuanzia leo hakuna viazi. Kesho mgeni atapata thelathini na saba yake, na wewe utapata kazi yako."

Nilikubali. Ungekuwa wewe ungesemaje? Alikuwa amenishika mkono alipokuwa hana sababu ya kunishika.

Ijumaa mgeni alifika saa nne kamili. Tulitazamia mwanamume mwenye tumbo. Akashuka kwenye gari Bi. Halimo, mwembamba, mtandio wa kijani, amebeba kioo chake mwenyewe kwenye sanduku la mbao kama mtu aliyebeba mayai. Aliponiona nimesimama kibandani alinitikisia kichwa. "Afadhali leo," alisema. "Kila ninakoenda huwa mwanamke ni mimi peke yangu."

Saa nne na robo tulipima pamoja, yeye kwa kioo chake, mimi kwa changu. Nilikuwa natabasamu hata kabla ya kusoma.

Ishirini na sita. Chake ishirini na sita na nusu.

Bwana Muoki alivua miwani. Mzee Matheka, mlangoni, alitazama juu kwenye tanuri, na nikaona uso wake ukielewa wakati mmoja na wangu. Jana viazi havikuchomwa. Kiroba kilibaki kule juu. Na kwa aibu yake, Mzee alikuwa amemwambia Kweyu "leo hakuna viazi" bila kumwambia kwa nini.

Bi. Halimo aliona jasho langu, akasema kwa upole, "Labda dawa imechoka. Hutokea. Mpimaji mgeni kwenye kazi anaweza asijue."

Alinifungulia mlango wa kutokea, masikini, bila kujua. Ningeitikia tu, ndiyo, dawa imechoka, mimi ni mgeni. Matheka angemaliza mwaka wake salama, nami ningerudi kwenye magunia. Lakini vioo viwili vilikuwa vimesema jambo moja, na nilikuwa nimevisoma sawa. Sikuweza kukisingizia kioo.

"Dawa haijachoka," nilisema. "Tanuri linavuta hewa ya nje. Dirisha la juu liko wazi, na ndani yake kuna kopo."

"Kopo?" Bwana Muoki aliuliza. "Kopo la nini?"

"La viazi vitamu, bwana. Viazi ni vyangu. Mimi ndiye ninayevileta."

"Hapana," Mzee Matheka aliingia ndani. "Viazi ni vyake, lakini dirisha nimelifungua mimi, tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyegundua. Mimi ndiye niliyemwomba anyamaze."

Bwana Muoki alifungua mdomo. Hatujui hadi leo alitaka kusema nini, kwa sababu saa ile ile tulisikia buti kwenye ngazi ya chuma, na Kweyu akatokea mlangoni, amelikumbatia kopo kwa magunia mawili, mvuke unamfunika uso.

"Karibu mgeni wetu! Nikasema hatuwezi kumpa mgeni chai kavu, atatuonaje?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Kwani nani amekufa?"

Bi. Halimo ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akashika meza. "Fungeni hilo dirisha," alisema, "halafu tupime tena. Na wewe, usiende mbali na hilo kopo."

Matheka alipanda mwenyewe. Tulisikia chuma kikigonga chuma. Tukangoja feni isafishe bomba, robo saa iliyokuwa ndefu kuliko uchungu wa kumzaa Nekesa. Nikavuta, nikapitisha, nikainama hadi macho yakawa sawa na mstari.

"Thelathini na saba," nilisema.

"Thelathini na saba," Bi. Halimo alisema, na akaandika.

Bwana Muoki alivaa tena miwani yake. Mzee Matheka alimwamuru aandike upya maneno ya ukutani kwa rangi nyekundu, kila herufi shibiri moja, na hilo dirisha alipake nyekundu pia, na mwakani apumzike akiwa na afya. Kisha akanigeukia.

"Mama Nekesa, mara nyingine ukijua jambo, nataka nilijue siku hiyo hiyo."

"Ndiyo, bwana."

"Mtu anayetazama kioo huku chini akajua kuna kiazi kule juu, simrudishi kwenye magunia. Nitakuwa mwendawazimu. Majaribio yamekwisha. Kweyu! Hivyo vitu vinaliwa au vinatazamwa?"

Jioni ile nilifika Jericho nikanawa maji matupu. Kamene akaniangalia. "Leo hakuna mafuta?" Nikamwambia kazi ni yangu, sirudi tena kwenye chokaa. Nekesa alikuja, akakichukua kiganja changu kwa mikono yake miwili, akakichunguza kama karani, kisha akaweka shavu lake humo, akalala.

Kuhusu chai isiyo na viazi tena, Kweyu aliomboleza hadi Jumatatu. Siku hiyo Mzee Matheka, vidole bado vina rangi nyekundu, alituita uani kwa idhini ya meneja. Alikuwa ameweka chokaa mbichi kwenye pipa nusu, ile ambayo haijaguswa na maji, na katikati amechimbia kopo lililojaa viazi na maji, mfuniko umebanwa kwa waya. Akavaa miwani ya kazi, akatufukuza hatua tano, akamimina maji kidogo kidogo juu ya chokaa. Kwanza kimya. Halafu pipa likaanza kunguruma, mvuke ukapanda, chokaa ikachemka yenyewe bila njiti wala kaa.

"Kemia!" Kweyu alipiga kelele. "Mathee, hii mmeifikia huko darasani jioni?"

"Tumefika. Nenda kamwage mawe."

Nikarudi kibandani, maana ilikuwa saa nne na robo. Nikavuta, nikapitisha, nikainama.

"Ngapi?" Kweyu aliuliza kutoka juu.

"Thelathini na nane!"

"Basi mimineni chai, nashuka!"