Kutafutwa kwa Clémentine

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, Thérèse alimpima mbwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Shingo, sentimita thelathini na nane. Kifua, sabini na mbili. Kiuno, arobaini na tano, kiuno ambacho Thérèse hakuwahi kuwa nacho hata siku ya harusi yake kule Lubumbashi. Mbwa alitulia kama mteja aliyezoea mafundi, akageuka alipoambiwa ageuke. Marcellin alimulika kwa simu ili mke wake asome namba vizuri.

"Usimbane kwapani," alisema Marcellin. "Ngozi yake ni laini."

"Naona."

"Na ndani uweke bitana. Baridi ya mwaka huu si ya mchezo."

Thérèse aliweka bitana. Aliikata kwenye koti lake mwenyewe, kwa sababu duka la vitambaa lilikuwa limefungwa na mume wake hakutaka kungoja Jumatatu.

Mbwa alikuwa wa kuwinda, wa ile jamii ya miguu mirefu na mbavu za kuhesabika. Marcellin alipewa na mzee mmoja wa mtaa wao wa Kensington aliyehamia kwa binti yake. Kila Jumapili baada ya ibada, yeye na wanaume wengine wenye mbwa walitoka nje ya mji kukimbiza sungura kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Jina la Clémentine alimpa mwenyewe. Thérèse alipomuuliza Clémentine ni nani, alijibu kuwa si mtu, ni jina tu, ni tamu mdomoni.

Mke wake, Marcellin alimwita Mama Murielle tangu binti yao azaliwe, sasa miaka tisa. Hapo hakuna ubaya, ndiyo heshima, na kanisani kwao kila mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Lakini Thérèse alikuwa na tabia ya kutoa karatasi yake ya uhamiaji mara moja moja na kulisoma jina lake pale, taratibu, halafu kuirudisha kwenye mfuko wa nailoni.

Clémentine alikula maini. Wao walikula bukari, ugali wa kwao, na kabichi. Hita ya gesi iligeuzwa imwelekee Clémentine. Jioni Marcellin alikaa sakafuni akampaka mafuta ya mgando kwenye nyayo, moja baada ya nyingine, akiuliza kama inauma. Visigino vya Thérèse hupasuka kila Juni hadi vikatoa damu. Yeye alijipaka mwenyewe, jikoni, akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Hayo yote angeweza kuyameza. Wanawake humeza makubwa kuliko hayo na bado wakaimba kwaya. Jambo lililomkaa kooni lilikuwa la mwaka uliopita, mwezi kama huo. Alikuwa amekwenda karibu na Joubert Park kununua zipu, akakamatwa katika msako kwa sababu karatasi yake ilikuwa imepitwa na muda kwa siku nne. Alilala ndani siku mbili. Siku ya tatu waliandika kitu, wakamwachia, akarudi kwa miguu. Marcellin alikuwa mezani, amevaa sare ya ulinzi.

"Umerudi," alisema. "Chumvi imeisha."

Baadaye Thérèse alimuuliza kama alimtafuta.

"Weye si mtoto," Marcellin alisema. "Nilijua utarudi. Na zamu ningemwachia nani?"

Alikuwa hajakosa zamu hata moja kwa miaka sita. Thérèse alikwenda kununua chumvi.

Koti lilipokwisha Clémentine alivalishwa, kitambaa cha kijivu, vifungo vinne chini ya tumbo. Jumatatu asubuhi Thérèse alitoka kwenda spaza, kiduka cha mtaani, na hakufunga geti. Mikono yake ilikuwa imejaa. Ndivyo alivyojiambia, na kweli alikuwa amebeba mkate na lita mbili za maziwa, lakini hayo ni ya wakati wa kurudi. Wakati wa kutoka mikono ilikuwa mitupu.

Clémentine alitoka, akapanda barabara, akaingia kwenye kilima cha mawe kilichoko nyuma ya nyumba za mwisho za Kensington.

Marcellin hakwenda kazini. Alipiga simu akasema ana msiba. Alimkalisha Murielle achore picha, akaenda kutoa nakala sitini, akabandika kwenye kila nguzo na kila robot, zile taa za barabarani, hadi Berea. Chini ya picha aliandika kwa mkono wake: *Amepotea. Ni mwembamba. Anaogopa baridi. Nyumbani hatulali.* Thérèse ndiye aliyeshika gundi.

Salum, kinyozi Mtanzania wa barabara kuu, alibandika moja kwenye kioo chake.

"Shemeji huyu kwa mbwa tu kafika hadi kwangu," alimwambia Thérèse akicheka. "Siku ukipotea wewe, si atafika Cape Town kwa magoti?"

"Atafika," Thérèse alisema.

"Ee, basi usipotee, utamuua mwenzio."

Siku mbili walipanda kilima pamoja. Nyasi zilikuwa zimeungua wiki ile, na majivu yake yalipanda hadi magotini. Penye majani kulikuwa na umande ulioganda, ukikanyaga unavunjika kama glasi. Mishubiri ilikuwa imetoa maua mekundu kati ya mawe, pimbi wameketi juu wakiota jua. Upepo ulikata masikio. Marcellin alitangulia, akitambaa pale mawe yalipokuwa makali, na aliita.

"Clémentine! Njoo, mama! Clémentine wangu, usiogope, mimi hapa!"

Thérèse hakuijua sauti ile. Miaka kumi na miwili ameishi na mtu huyu na alidhani anazijua sauti zake zote, ya kuomba chakula, ya kuomba Mungu, ya kukoroma. Hii ilitoka mahali pengine kifuani. Kila alipoita, miguu ya Thérèse ilitaka kukimbia kumfuata, na ilibidi aishike.

Siku ya tatu, mchana, Marcellin alitangulia kupanda peke yake. Thérèse alimfuata nyuma na chupa ya chai. Alipita upande wa kaskazini ambao walikuwa hawajaupekua vizuri, na huko, chini ya jiwe lililoegemea jingine, akamkuta Clémentine. Ameketi, koti safi, ametulia.

"Wanakutafuta," Thérèse alimwambia.

Mbwa alimtazama kama mtu anayejua.

Upepo ulivuma na Thérèse akatetemeka, koti lake halikuwa na bitana tena. Alikaa chini karibu na mbwa. Kutoka upande wa pili wa kilima sauti ilikuja: Clémentine, Clémentine. Thérèse alifungua vile vifungo vinne akalivua koti la mbwa, akalivaa. Alitaka kuonja joto lake tu. Lilimtosha kila mahali, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyelikata na alijua kuwa aliacha sentimita mbili tu za kushonea. Kumwacha mwenzake uchi kwenye baridi ile isingekuwa vizuri, kwa hiyo alimfunga kitenge chake kiunoni, akampa koti lake la zamani, akamfunga na kitambaa cha kichwa. Mbwa alichukua chupa ya chai akateremka kwa miguu miwili, polepole, kwa sababu ya mawe.

Thérèse alibaki chini ya jiwe. Marcellin alipita mara ya kwanza, hatua kumi hivi kutoka pale, na Thérèse hakujitokeza. Alipita mara ya pili. Suruali yake ilikuwa imechanika magotini na damu imekaukia. Mara ya tatu sauti yake ilikatika katikati ya jina akasimama akilia, mwanaume mzima, mikono kiunoni. Thérèse alimwacha alie kidogo. Halafu akakohoa.

Marcellin alipiga magoti akaweka paji la uso wake kwenye paji la uso wa Thérèse.

"Clémentine wangu," alisema. "Nani amekukosea? Uliogopa?"

Alimbeba mabegani hadi chini. Thérèse alikuwa na kilo sitini na nane, na mume wake hakupumzika hata mara moja. Njiani walikutana na jirani yao Jeanne akitoka sokoni.

"Umempata," Jeanne alisema.

"Nimempata."

"Bwana asifiwe. Mpashe maziwa moto."

Nyumbani, mbwa alikuwa ameshapika bukari. Ilikuwa na madonge. Marcellin alikula, na maini alimpa Thérèse kwa mkono wake.

Baada ya hapo maisha yaliendelea. Marcellin alirudi kazini. Mbwa alikaa kwenye cherehani, mguu wa nyuma kwenye pedali, akashona sare za shule na magauni ya kwaya. Jeanne alisema pindo zake zimeanza kwenda upande, lakini siku hizi Mama Murielle hachelewi, na ana faida moja, hasengenyi. Kanisani mbwa aliketi safu ya akina mama. "Mama Murielle, umekonda," walimwambia, na mwingine akajibu kwa niaba yake kuwa ni baridi, hata yeye amekonda.

Thérèse alilala mbele ya hita. Nyayo zake zilipakwa mafuta kila jioni na visigino vikafunga. Jumapili alipelekwa kwenye mashamba ya mahindi, na alikimbia kadiri alivyoweza kati ya mabua makavu. Hakukamata sungura hata mmoja. Wenzake Marcellin walicheka, naye akawajibu kwa ukali.

"Mwacheni. Tangu apotee ana woga bado."

Alikuwa na furaha. Hilo lisemwe, maana wako watakaodhani alijuta mapema. Alikuwa ametafutwa siku tatu juu ya mawe na mtu akitoka damu, na sasa jina lake liliitwa mlangoni kabla hata kofia haijavuliwa. Halikuwa jina lake, lakini ndiye aliyekuja likiitwa. Mara moja moja alimwona mbwa amesimama na sufuria mkononi akiutazama ule mkono wa Marcellin uliokuwa shingoni mwa Thérèse. Thérèse aliyajua macho yale. Alisogea karibu zaidi na goti la mume wake.

Murielle hakuchanganyikiwa. Daftari la shule alimpelekea mbwa atie sahihi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mezani. Akichoka alikuja kulaza kichwa kwenye tumbo la Thérèse na kumchana nywele kwa chanuo pana. Siku moja akiwa amelala hivyo aliuliza, Kiswahili chake kikienda kwa kuchechemea kama kawaida ya watoto wa huku:

"Mama, mimi nikitaka wanitafute, nipotelee wapi?"

Thérèse alifungua mdomo. Ilikuwa wiki ya tano hajasema neno, na neno halikuja upesi. Marcellin akafungua geti wakati huohuo, akaita, na Thérèse akainuka kwenda mlangoni.

Mwezi wa nane, ule wa upepo, mbwa aliondoka. Marcellin alikuwa ametoka na kuliacha geti wazi, kwa kusahau tu, na mbwa alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akatoka akiwa na kitenge na kitambaa cha kichwa. Marcellin aliporudi alikuta cherehani kimya. Alifunua sufuria.

"Mama Murielle yuko wapi?"

"Hayupo," Murielle alisema. "Tangu asubuhi."

"Atarudi."

Alinunua mkate na soseji, akamkatia Thérèse kipande cha kwanza. Kesho yake alikwenda kazini, akarudi, sufuria ilikuwa vilevile. Jeanne alifika kuchukua gauni lake. Alipoambiwa Mama Murielle hayupo alisema eish, na gauni je? Yeye na Marcellin walilitafuta wakalipata chini ya vitambaa, bado halina mikono. Jeanne akalichukua hivyohivyo.

Jua lilikuwa linazama. Murielle alivaa viatu vyake vya shule akaenda getini.

"Mama," aliita kuelekea kilimani. "Mama."

Upepo ulitoka upande ule, ukaingia ndani kwa mlango uliokuwa wazi, na Thérèse akainua kichwa. Harufu ilikuwa wazi kabisa: kitenge kilichofuliwa kwa sabuni ya mche, mafuta ya cherehani, manyoya yenye baridi. Upande wa kaskazini, chini ya jiwe lililoegemea jingine. Yuko hai, ameketi, anasikiliza. Thérèse angeweza kufika pale akiwa amefumba macho. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyeweza.

"Papa, nenda umwite wewe," Murielle alisema kutoka getini. "Mimi sauti yangu ni ndogo."

"Funga mlango, Clémentine anapata baridi," Marcellin alisema.

Mkono wake ulikuwa shingoni mwa Thérèse, wa moto, ukikuna taratibu nyuma ya sikio. Thérèse alijua kuwa akiinuka, mkono ule utabaki hewani, na akirudi na mwenzake hakuna ajuaye utatua kwa nani. Murielle aliita tena mara mbili. Katikati ya zile mara mbili aligeuka akamtazama Thérèse, si baba yake, akangoja.

Thérèse alishusha kichwa akakilaza juu ya goti la Marcellin.

Mtoto akaingia, akafunga mlango.