Mama Mkwe Anaandika

Kabla hatujatoka Kabwe asubuhi ile, shemeji yangu Kapembwa alikigeuza kioo cha katikati ya gari kikatazama dari. Nilimuuliza atayaonaje magari yanayotoka nyuma. Akasema vioo vya pembeni vinamtosha, na kwamba afadhali agongwe kwa nyuma kuliko kukutana macho kwa macho na mama mkwe wake.

Hakuwa anatania. Kwetu Wabemba wa Zambia mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe, hali chakula naye, wala hazungumzi naye, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza nyumbani rasmi. Kapembwa alikuwa na miaka minne katika ndoa na dada yangu Chola, na sasa siku yake ilikuwa imewadia: Jumamosi, nyumbani Kasama. Chola alikuwa ametangulia kwa basi kwenda kutwanga karanga na shangazi zetu. Mama alikuwa amebaki Kabwe kwa ajili ya mahafali yangu ya chuo, na magoti yake hayakuliweza tena basi. Basi ikawa hakuna budi: mwenye kupika na mwenye kupikiwa wasafiri katika gari moja, mama nyuma katikati ya kiti, kitenge kichwani, Kapembwa kwenye usukani, na mimi pembeni yake wa kupitisha maneno.

Kazi hiyo nilifukuzwa kabla hatujafika Kapiri Mposhi.

Mama aliniambia nimwombe mkwe apunguze mwendo. Nikamwambia Kapembwa kwamba mama anasema anaendesha kama mwizi wa kuku. Kapembwa akacheka, maana mimi na yeye ni shemeji, na kutaniana ndiyo heshima yetu. Huniita mke mdogo, nami humwita mume wa mkopo. Mama hakucheka. Nilisikia akifungua fundo la kitenge chake, kisha kimya, kisha simu ya Kapembwa ikalia kwenye kikasha kilicho kati ya viti. Akaichukua, akasoma, akanionyesha huku mkono mmoja ukiwa usukanini.

"Mkwe, naomba upunguze mwendo. Huyu binti hajui kutumwa."

Akaandika kwa kidole gumba: "Sawa mama. Samahani mama."

Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba mkwe na mama mkwe wasiandikiane. Wazee walikataza mdomo na macho. Hiki kitu hawakukiona. Chola ndiye aliyemnunulia mama simu na kumfundisha, na kwa muda sasa wale wawili, ambao wakikutana uani mmoja hugeukia ukuta, walikuwa wamekuwa marafiki kwa vidole. Mama alimtumia sala kila asubuhi. Kapembwa, ambaye ni mwalimu wa hesabu na mtu mpole kabisa, alimtumia picha za mahindi yake na kumuuliza kama rangi ile ya majani ni ugonjwa. Niliwaona hivyo nikafurahi. Nilidhani, hii ndiyo njia yetu, tutachukua kipya bila kukitupa cha zamani.

Lakini nyumbani Kapembwa alikuwa akiandika ameketi kwenye kigoda. Hapa alikuwa kwenye barabara kuu ya kaskazini, yenye mashimo ya kumeza mbuzi, na malori ya kwenda Nakonde yakipishana nasi kwa nafasi ya kiganja.

Simu ikalia. Mkwe, umekula? Nimekula mama, asante. Ikalia. Mkwe, lile shamba lililolimwa kwa trekta ni la nani? Sijui mama, nitauliza. Ikalia. Kila ilipolia kichwa chake kilishuka, na kila kilipoinuka barabara haikuwa ile aliyoiacha. Karibu na Mkushi kiliinuka tukiwa tumemfikia mtu wa baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa. Kapembwa akakata usukani. Yule mtu akayumba, akaweka mguu chini, akatusindikiza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

"Shemeji, weka hiyo simu," nikasema.

"Mke mdogo ana wivu," akasema Kapembwa. "Anataka barua ziwe zake peke yake."

Nikamwambia sitanii. Akasema shemeji asiyetania bado hajazaliwa. Nikamwambia ningependa kufika Kasama nikiwa na miguu yote miwili. Akasema mmoja atamwachia mume nitakayempata, mwingine wake. Ndipo nilipoona nimefungwa. Mimi niliyeruhusiwa kusema naye neno lolote, neno langu halikuwa na uzito wa nyoya. Na yule ambaye neno lake moja lingemfanya aitupe simu dirishani alikuwa nyuma yangu, mdomo umefungwa na desturi, vidole viko huru.

Nikamgeukia mama. Nikamweleza taratibu kwamba mtu anayeendesha hawezi kusoma, na kwamba hivi ndivyo watu wanavyokufa.

"Mimi si ndiye niliye na simu?" akasema mama. "Yeye anaendesha. Ananijibu tu."

"Sasa usimwandikie."

"Nikae humu kama gunia la viazi? Mtu ananiendesha siku nzima, nisimshukuru?"

Nikamgeukia tena Kapembwa, nikamwomba basi asijibu mpaka tusimame. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kumpiga mama mkwe kibao. Alama mbili za buluu, akasema. Mama ataona kwamba amesoma na amenyamaza. Siku mbili kabla ya kuingizwa nyumbani, amnyamazie? Shangazi zangu wakisikia, watamwita mtu mwenye kiburi, chakula kitapoa, na atarudi kukaa nje ya uzio miaka mingine minne.

Nilijaribu kuandika mimi badala yake. Simu ilipolia niliiwahi, nikajibu kwa niaba yake kwamba mvua inaonekana itanyesha, ndiyo. Kisha ikalia: "Huyu si mkwe. Mkwe huanza na mama. Mrudishie simu yake." Kapembwa akanyoosha mkono, nami nikairudisha, nikiwa nimejaa hasira za kushindwa hata kulia.

Tulipopita Serenje tulikuta wanawake wanauza uyoga kando ya barabara, ule mkubwa kama mwavuli unaotoka mvua za kwanza. Simu ililia, Kapembwa akasimama, akanunua beseni zima kwa ajili ya mama mkwe. Kabla hajawasha gari nikawaambia wote wawili: tumesimama, hakuna haraka, andikianeni sasa, mmalize yote mpaka Kasama. Mimi nitasubiri.

Wakakaa. Kapembwa akatazama usukani. Mama akatazama dirisha. Hakuna aliyekuwa na neno. Mvua nyepesi ilipita juu ya paa ikaisha, mwenye uyoga akahesabu chenji yake mara mbili, na wao bado kimya kama watu waliokosana. Gari lilipoingia tena barabarani na kushika mwendo, simu ikalia.

"Mama," nikasema, "nipe simu yako."

Nilikuwa nimegeuka na kiwiliwili chote, mkanda umenikaba shingoni, mkono nimeunyoosha nyuma. Mama akaificha simu chini ya kitenge. Nikamwambia nimesoma miaka mingapi na hajawahi kunisikiliza hata siku moja. Nikamwambia Chola atabaki mjane kwa sababu ya salamu. Nilisema mengi, mengine hayakuwa na adabu, na mama alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniambia kwamba tukifika tutaonana.

Kisha macho yake yakaniacha, yakapita juu ya bega langu, yakatazama mbele.

Niliuona uso wake ukibadilika. Nilimwona akifungua mdomo. Naapa aliufungua, na ulimi ukainuka, kisha akaufunga. Mikono ikatoka chini ya kitenge na simu, vidole vikaanza kugonga haraka kuliko nilivyowahi kuviona. Sikuelewa. Simu ya Kapembwa ikalia, na pembeni mwa jicho langu nikaona kichwa chake kikishuka kusoma.

Nikasikia majani yakisagika chini ya matairi. Kapembwa akasema neno moja, akakata usukani kushoto. Ubavu mweupe wa lori ukapita kwenye dirisha lake, kioo cha pembeni kikang'oka, halafu nyasi, nyasi tupu, ndefu kuliko gari, na kichuguu kikatusimamisha.

Uyoga ulikuwa umetapakaa kila mahali, hata kwenye nywele zangu. Mama alikuwa amepasuka mdomo. Mkono wa kulia wa Kapembwa ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi, na damu ilimtiririka kutoka kwenye nyusi. Mlango wake haukufunguka.

Mtu alikuja akikimbia kwenye nyasi, spana ingali mkononi, ovaroli imejaa grisi na matope. Alikuwa chini ya lori lile lililoharibika akifunga tairi. Tulipita karibu na miguu yake. Alisimama kwenye dirisha langu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Niliweka matawi," akasema. "Niliyaweka mbali, kwenye mteremko kule, na mengine katikati. Hamkuyaona?"

Kapembwa alikuwa akipumua kwa meno.

"Niliyaona mimi," akasema mama kutoka nyuma. "Nilimwandikia."

Yule dereva hakuelewa. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akarudi barabarani kusimamisha gari la kutusaidia. Simu ya Kapembwa ilikuwa sakafuni karibu na mguu wangu, kioo kimepasuka lakini kinawaka. Nilisoma maneno matatu: "Mkwe, mbele matawi". Hakukuwa na nukta mwishoni. Mama huwa hasahau nukta.

Kapembwa akaanza kufumba macho. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Mwambie asilale," mama akaniambia.

"Mwambie wewe."

"Ng'andwe. Mwambie mwenzio asilale."

"Yuko hapo, mama. Kichwa chake kiko mbele ya mkono wako. Mwambie."

Mama akasema Jumamosi bado, kwa sauti ya mtoto anayejua kwamba kisingizio chake hakitakubaliwa. Nilikuwa nimeshika kitambaa kwenye nyusi ya shemeji yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikutaka kupitisha neno la mtu yeyote.

Mama akavuta pumzi. Akausogeza uso wake mpaka karibu na sikio la Kapembwa.

"Kapembwa," akasema. "Mwanangu. Usilale. Mimi ni mama yako, nasema na wewe."

Macho ya Kapembwa yakafunguka. Hakugeuka. Lakini mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukashuka taratibu kando ya kiti, ukaanza kupapasa sakafuni kati ya uyoga, na nilichukua muda kutambua unatafuta nini. Alikuwa anatafuta simu ili amjibu.

Mama naye aliona. Aliinama kati ya viti viwili, magoti yake yakilia, akaiokota ile simu kabla mkono haujaifikia, akaifunga kwenye fundo la kitenge pamoja na yake.

"Kwa mdomo," akasema. "Nijibu kwa mdomo."

"Ndiyo, mama," akasema Kapembwa, na machozi yakamtoka. Ya maumivu au ya aibu, sijui.

Gari lililosimama lilikuwa pikapu ya mtu wa mbolea, mnene, mwenye huruma. Yeye na yule dereva wa lori waliuvunja mlango kwa chuma, wakamtoa Kapembwa, wakamlaza nyuma juu ya magunia. Mama akakataa kukaa mbele. Akapanda nyuma, akakaa, akakiweka kichwa cha mkwe wake kwenye mapaja yake, jambo ambalo nikiwasimulia shangazi zangu hata leo hujifanya hawakulisikia. Mimi nilikaa mgongo ukiegemea kidirisha kilicho nyuma ya dereva, ambacho kilikuwa wazi, nimeushika ule mkono uliovunjika usichezechezwe na mashimo.

Tulikuwa tumekaribia Mpika simu ya yule mwenye mbolea ilipolia. Niliisikia nyuma ya kichwa changu, ule mlio uleule. Nikageuka. Alikuwa ameishika juu ya usukani, mkono mmoja, kichwa kinashuka.

Nilikuwa bado sijafungua mdomo. Mama aliingiza mkono wote dirishani, mpaka begani.

"Lete hapa, baba."

"Ni mke wangu tu, mama. Anauliza niko wapi."

"Lete. Nitamjibu mimi."

Labda ni ile damu kwenye kidevu chake. Yule mtu alimpa simu, akaushika usukani kwa mikono miwili. Mama akaisogeza simu mbali na macho yake, akaandika herufi moja moja huku gari likiturusha: "Mumeo anaendesha." Akaweka nukta. Haikupita muda, ikalia tena. Akasoma, akakunja uso.

"Mkwe," akasema, akimtazama Kapembwa usoni, pale pale kwenye mapaja yake. "Huyu mwanamke ananiuliza mimi ni nani. Nimjibu nini?"

Kapembwa alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. Alimtazama mama yangu kutoka chini, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Mwambie wewe ni mama," akasema. "Na mwambie mume wake atafika."