Makofi ya Asubuhi

...na kwa nini haji, jina ameliita vizuri, Maimuna Mketo, kwa sauti ile waliyofundishwa kwenye semina, sauti ya kumjaza mtu fahari, na makofi yamepigwa, matatu kama alivyoagiza, yakakatika yote kwa pamoja, na sasa ndani ya banda la kubangulia korosho akina mama wamekaa kwenye meza zao, na yeye Nicolaus, meneja mzima, amesimama katikati ameshika fremu yenye picha ya Bi Maimuna kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa sinia, akingoja mwenye picha ainuke... labda hakusikia, mtu mzima yule, au anaona haya, si kila mtu anapenda kutazamwa, lakini Dar waliambiwa hivyo, mishahara ikigoma kupanda kuna njia nyingine, sifa, picha ukutani, fulana, soda ya Ijumaa, mfanye mtu ajione ni mtu, na yeye alilishika neno hilo kwa mikono yote kwa sababu makao makuu walishasema nyongeza hakuna, na wabanguaji wenye mikono mizuri wanamtoka mmoja mmoja, wanarudi mashambani, na akiondoka huyu basi banda limekwisha, wenzake wote wanamfuata yeye... na hainuki, mtandio umeshuka hadi machoni, mikono imelala mezani haina kazi, na Twalha msimamizi amesogea, ananong'ona, "Bosi, ule msiba wa kule Mtawanya ulikuwa wake. Leo kaja kutuaga." Msiba gani, anataka kuuliza, halafu anakumbuka, Mungu wangu, Jumamosi, ile simu, Twalha akimweleza kuwa akina mama wote wanaomba ruhusa wakazike, mmoja wao kafiwa na mjukuu, na yeye ametoka ukumbini mwa semina kwa kunyata, anasema wote haiwezekani, mzigo unasubiriwa, wachague mmoja akawawakilishe... akawawakilishe, kwenye kuzika, utadhani ni kikao cha wilaya, wala hakuuliza mjukuu wa nani, akarudi ndani kusikiliza namna ya kumtia mfanyakazi moyo, wakapewa na juisi... na walitii, hilo ndilo linalomchoma, walikaa hapa wakabangua huku mwenzao analia bila wao, na matanga yameanuliwa jana na hakuna aliyemwambia meneja kitu, wamwambie saa ngapi, zile salamu za asubuhi si aliziondoa mwenyewe, kila anayeingia apite meza kwa meza, ashike mkono, wa kwako wameamkaje, mgonjwa je, mkwe karudi, aliona zinakula muda, akaweka makofi matatu na kelele ya Tunaweza, na wao wakapiga, na wakapaza sauti, na yeye akadhani wamefurahi, akaacha hata shikamoo, anapita tu na funguo mkononi... na angekuwa wapi leo bila zile salamu, mwaka ule amefika Kibiti hajui mtu, homa imemlaza, mshahara wenyewe kiduchu, begi limeshafungwa arudi zake Ngara, na huyu mama, huyu huyu, kila asubuhi anamshika mkono, "Umeamkaje mwanangu? Na Bi Bernadeta, mguu umepoa?" jina la mama yake alilisikia mara moja tu, siku Nicolaus anaongea na simu pale mlangoni, akalishika, akawa anamwulizia kila siku kama anayemjua, na siku moja Nicolaus akajikuta amefungua begi na kutundika mashati, bila kuongezewa hata senti, wala hakujua kwamba anatiwa moyo... na sasa wanamtazama, Twalha amerudi nyuma, fremu inateleza kwa jasho, na anajua la kufanya, analijua kabisa, aiweke chini hii picha, aende pale mezani, ashike ule mkono, aseme shikamoo mama, pole, pole sana kwa kuondokewa na... na nani, alikuwa wa kike au wa kiume, mkubwa au mchanga, aliitwa nani mtoto yule, anatafuta kichwani, anatafuta kila mahali, akina mama wanangoja, na jina halimo, hakuwahi kuuliza.