Aya ya Mizani Mbovu

Kwa miaka ishirini na miwili alitafiti lishe ya watoto wachanga, na chuo kizima kilimwita Bi Kilo, maana hakuna kichanga aliyepita mbele yake asipimwe. Alipoomba kupandishwa cheo, mkutubi wa chuo alitakiwa kuorodhesha makala zake zote na kuhesabu ni mara ngapi watafiti wengine wamezinukuu. Siku ya tatu mkutubi akaja mbio na karatasi mkononi.

"Bi Kilo, hongera! Umenukuliwa mara elfu moja mia mbili na sita."

"Hebu tazama vizuri, kaka. Usinivike kilemba cha ukoka."

"Nimehesabu mara mbili. Ila kuna jambo. Elfu moja mia moja na tisini zote ni za makala moja."

Bi Kilo alidhani ni ule utafiti wake mkubwa wa maziwa ya mama, uliomla miaka tisa. Wapi! Huo ulikuwa umenukuliwa mara nne, na mara mbili kati ya hizo alijinukuu mwenyewe. Iliyopata umaarufu ni makala ya kurasa nne kuhusu uzito wa vichanga, aliyoiandika alipokuwa bado mwanafunzi. Na walioinukuu walikuwa madaktari wa macho, wa figo, wa mifupa, hata wa meno.

"Daktari wa meno ana shida gani na uzito wa vichanga?" aliuliza. Yeye na mkutubi wakavuta viti mbele ya kompyuta, wakaanza kufungua makala moja baada ya nyingine.

Wote walinukuu aya ileile. Humo Bi Kilo alikiri kwamba mizani ya kliniki ya pili aliyopimia watoto ilizidisha gramu mia mbili, na yeye akagundua katika mwezi wa tano wa kazi, baada ya kupima watoto mia tatu. Tangu hapo kila asubuhi alianza kwa kupima pakiti ya sukari ya kilo moja, ndipo apime mtoto. Msimamizi wake alimsihi aifute aya hiyo. "Usijivue nguo sokoni," alimwambia. Aliikataa rai hiyo kwa sababu alikuwa mwoga: usiku alikuwa hapati usingizi kila alipofikiria kulificha kosa.

Sasa wa macho walipima mashine zao kwa mtindo wake, na wa figo vilevile. Wengine walimtaja kama mfano wa uaminifu. Wengine, na hawakuwa wachache, walimtaja kama mfano wa uzembe. Bi Kilo alisoma hadi macho yakamwuma, asijue acheke au alie.

Jioni alimsimulia mama yake.

"Kwa hiyo wanakusifia kosa?" mama aliuliza.

"Wengine kosa, wengine kulisema."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Hukuficha."

"Lakini maziwa, mama! Miaka tisa! Hakuna aliyesoma!"

"Mimi nimesoma," mama alisema. "Sikuelewa, ila nimesoma."

Siku ya usaili jopo lilikuwa na watu watano. Mwenyekiti, daktari wa upasuaji, aliipindua orodha juu chini. "Macho, figo, meno... Samahani, mama. Wewe hasa ni mtaalamu wa nini?"

"Nilidhani ni lishe," alisema Bi Kilo. Wakaangua kicheko, wakidhani ametania. Yeye hakuwa anatania.

Baada ya wiki sita barua ikafika. Ameteuliwa kuwa Profesa Mshiriki wa Uhakiki wa Vipimo vya Tiba, aripoti kwenye idara yake mpya mara moja. Alimwonyesha mlinzi wa lango kuu barua hiyo, akamwuliza idara iko jengo gani.

"Nina miaka thelathini hapa," mlinzi alisema, "sijaisikia. Kamuulize mhasibu."

Mhasibu alimpeleka kwa msajili, msajili akasema labda itaanzishwa mwakani, kwa sasa akae palepale alipo. Bi Kilo alirudi chumbani kwake, kilichonukia maziwa ya unga, akampigia mama yake.

"Umepata au umekosa?"

"Nimepata, mama."

"Sasa mbona sauti yako ya aliyekosa?"

"Hata sijui," alisema Bi Kilo, akaisoma barua upya tangu mstari wa kwanza.