Wanafunzi Wote wa Diskriti

Basi la chuo lilikuwa limeshatoka Mbale na kuipita Busiu, na wanafunzi wa diskriti walikuwa wamekaa magoti yakigusa masikio, kwa sababu tangu asubuhi wote walikuwa warefu. Aliyewarefusha ni mwenzao Obura, ambaye alizaliwa mfupi na hakuwahi kulikubali jambo hilo. Alisimama mlangoni mwa basi akasema, "Wanafunzi wote wa diskriti ni warefu," wakawa.

Jamiru, dereva, aliwatazama kwenye kioo.

"Vichwa vyenu vinaniharibia dari," alisema. "Wanafunzi wote wa diskriti ni wafupi."

Hilo nalo likawa. Kiunoni kwenda juu wakabaki warefu, kiunoni kwenda chini wakawa wafupi, na magoti yakapata nafasi. Obura aliangalia miguu yake iliyokuwa ikining'inia bila kufika chini.

"Nusu si mbaya," alisema.

Ramula peke yake hakucheka. Alikuwa akirudia moyoni maneno ya kumwambia karani wa Jinja, walikokuwa wakienda. Shule moja ya Mpumudde ilikuwa imemwahidi kazi ya kufundisha hesabu, kazi aliyoitaka tangu utotoni alipokuwa akiwafundisha kuku wa bibi yake kujumlisha. Mwalimu mkuu alitaka kuona matokeo yake kabla ya jioni hiyo. Na matokeo hayakuwepo.

Diskriti ni hesabu za vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: watu, barabara, mafundo, ndiyo na siyo. Kazi za muhula walizifanya, mtihani wakaufanya, na mwalimu wao Odhiambo, Mluo wa Kisumu, akasahihisha. Mbale ikatuma alama Jinja, kwenye makao makuu ya chuo. Jinja ikasema hazikufika. Mbale ikasema kwao zilitoka. Basi Jinja ikafikiri kwa utaratibu wake: asiye na alama hakusoma, na asiyesoma si mwanafunzi. Majina yote yakafutwa. Darasa likabaki, ila ndani yake hamna mtu.

Mwalimu Odhiambo alikuwa amelifundisha jambo hilo mapema, kwenye somo la seti tupu.

"Viboko wote waliomo humu darasani wamevaa soksi," aliwaambia. "Kweli au uongo?"

"Uongo!"

"Haya, nionyesheni ambaye hajavaa."

Walichungulia chini ya madawati.

"Basi ni kweli. Kundi likiwa halina mtu, sema lolote unalotaka juu ya watu wake wote. Nani atakupinga?"

Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, na Ramula alilijibu vizuri.

Wa kwanza kuliona likifanya kazi nje ya darasa alikuwa Cissy, mpishi wa kantini ya Mbale, ambaye kwake l na r ni herufi moja. Siku majina yalipofutwa, posho, yaani ugali wa kantini, ilikuwa imebaki kidogo na foleni ilikuwa ndefu. Akawafukuza kwa mwiko.

"Tokeni hapa! Wanafunzi yote ya diskriti imekwisha kura!"

Kidole gumba kimoja cha kila mwanafunzi kikawa cheusi kwa wino wa uchaguzi. Njaa ikabaki palepale.

"Mama Cissy," Ramula alisema, "ulitaka kusema kula."

"Si ndiyo nasema? Yote imekwisha kura!"

Wino ukatokea kwenye kidole gumba cha mkono wa pili. Ikabidi aitwe mwalimu Odhiambo, ambaye alilitamka neno kwa l yake ya Kisumu, na papo hapo wote wakashiba. Obura alipiga mbweu. Cissy akafunika sufuria yake, kwa kuwa alikuwa amepata alichotaka.

Jinja waliingia mchana. Karani wa rekodi aliitwa Nabirye, na alikuwa akimenya karanga nyuma ya dirisha.

"Tumekuja kuuliza alama zetu, madam," Ramula alisema.

"Darasa gani?"

"Diskriti."

Nabirye alibonyeza kompyuta. "Hiyo darasa haina mtu."

"Lakini sisi tuko hapa."

"Watu naona. Wanafunzi sioni."

Mwalimu Odhiambo, aliyekuja nao, aliinama dirishani. "Dada Nabirye, kama hamna mtu, basi wanafunzi wote wa diskriti wamefaulu. Ni kweli au si kweli?"

Nabirye alifikiri mpaka karanga ikaisha mdomoni. Alikuwa mtu wa haki.

"Ni kweli," alisema, na kila mmoja akajikuta ndani ya joho jeusi la mahafali. Majoho yaliburutika chini kwa sababu ya ile miguu.

Ramula hakungoja. Alimpigia Madam Sharifah, mwalimu mkuu wa Mpumudde, akaweka simu dirishani kwa sauti kubwa.

"Madam, nimefaulu. Karani huyu hapa."

"Karani, wamefaulu?"

"Wote wamefaulu," Nabirye alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliongeza, "Na wote wamefeli. Hiyo pia ni kweli."

Majoho yakabaki mwilini, ila yakageuka ndani nje.

"Sasa mimi namchukua yupi?" simu iliuliza. "Aliyefaulu au aliyefeli?"

"Ni huyo huyo."

"Mnanichezea. Nataka mtu aliyemo kwenye kompyuta yenu. Akiwepo, anipigie."

Nabirye alieleza kwamba yeye anaweza kuingiza mtu mmoja kwa mkono. Zaidi ya hapo mashine inakataa. "Lakini huyo akiingia, darasa si tupu tena. Na yeye hana alama. Amefeli tu, na hakuna kweli ingine ya kumsaidia. Majoho pia inaenda."

Wenzake wote walimtazama Ramula.

"Usithubutu," Obura alisema. "Dada yangu, tukae hivi hivi. Nitasema wote wana kazi. Nitasema wote wana magari!"

"Gari utaliendeshaje, na miguu haifiki kwenye breki?"

"Nitasema wote wana madereva!"

Ramula alimgeukia Odhiambo. "Mwalimu, kama wote wamefaulu na hamna mtu, nani amefaulu?"

Odhiambo alijikuna kidevu. "Hamna."

"Basi niweke, madam. Nimechoka kufaulu bila kuwepo."

"Ramura ama Lamula?"

"Kwanza r, mwishoni l."

Nabirye aliandika polepole, akiuliza kila herufi, kisha akabonyeza. Majoho yakapotea. Miguu ikarudi kama ilivyozaliwa, na Obura pia. Kwenye kompyuta palikuwa na mwanafunzi mmoja, sifuri moja, na neno moja.

Ramula alipiga simu. "Madam Sharifah, sasa nimo."

"Umefaulu?"

"Hapana. Nimefeli."

"Angalau sasa naelewa," Madam Sharifah alisema, akakata simu.

Kazi ya Mpumudde alipewa mpwa wa Madam Sharifah, ambaye kuzidisha anakujua mpaka penye saba. Nabirye alipandishwa cheo kwa kumpata mwanafunzi aliyekuwa amepotea. Mwalimu Odhiambo aliitwa mbele ya kamati aeleze kwa nini darasa lake lote lilifeli. Alijibu kwamba neno "lote" limetumika sawasawa, na kamati ikamshukuru. Obura anauza vitunguu sokoni Mbale, amesimama juu ya kreti. Mwingine yuko Wanyange kwenye biashara ya samaki, wengine wameoa au wameolewa, na hakuna aliyewahi kurudishwa darasani. Alama zao hazikupatikana, maana hakuna aliyetumwa kuzitafuta. Ramula alirudia diskriti peke yake. Kila asubuhi mwalimu alikuwa akiita jina moja, naye akiitika. Mtihani ulipofika aliufanya, na safari hii alama zilifika Jinja salama. Alikuwa wa kwanza katika darasa. Alikuwa pia wa mwisho, na kwa kuwa nafasi ya kuandikia ilikuwa moja, Jinja iliandika wa mwisho.